Terminus: maswali yanayoulizwa mara kwa mara juu ya neno la mwisho wa safari

Ninafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na siku za kazi ninapanda bisi mara mbili. Maswali haya nimeulizwa darasani, barabarani na jikoni kwa mama mkwe wangu. Nimeyapanga jinsi yalivyokuja.

Mtu wa Lubumbashi akisema "terminus", anamaanisha nini hasa?

Anamaanisha mahali bisi inapogeuza. Si lazima pawe na jengo wala kibao. Ukienda Ruashi au Katuba, terminus inaweza kuwa mwembe mmoja, meza ya muuza mikate na vijana watatu wanaoita abiria. Dereva akizima injini na kushuka kunyoosha mgongo, ujue ndipo hapo.

Midomoni mwetu neno lenyewe ni "terminisi". Ile u ya Kifaransa hatuna shida nayo, tunaifanya i, kama tulivyoifanya "bus" ikawa bisi. Kijana wa mlangoni anapiga bati la gari mara mbili na kuita: "Ba mama, terminus! Tunafika!" Mgeni kutoka Dar es Salaam atabaki amekaa, akidhani bado tuko njiani. Kwetu "tunafika" ni "tumefika". Nimeona mgeni mmoja akirudishwa mjini kwa sababu ya hiyo -na- peke yake, na nauli ya kurudi alilipa.

Neno hilo limetoka wapi?

Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Lakini Warumi hawakuwa na bisi, na kwao terminus haikuwa mahali pa kushukia. Lilikuwa jiwe la mpaka, linalosimikwa kati ya shamba lako na shamba la jirani.

Aliyejenga nyumba Lubumbashi ataelewa haraka. Ukinunua kiwanja, watu wa kupima ardhi wanakuja kusimika vijiti vya zege pembeni, tunaviita borne. Kimoja kikihama hatua mbili usiku, asubuhi kuna kesi. Warumi nao walikuwa na kesi hizo hizo, ila wao walilifanya jiwe lenyewe kuwa mungu. Jina lake lilikuwa Terminus. Kila mwaka, tarehe 23 Februari, majirani wa pande mbili walikutana kwenye jiwe lao, kila mmoja akaja kwa upande wake, wakalivika maua, wakachinja, wakala pamoja. Sikukuu hiyo iliitwa Terminalia. Aliyeng'oa jiwe alihesabiwa amelaaniwa.

Kuna kisa ambacho wanafunzi wangu hukipenda. Warumi walipotaka kumjengea Jupita, mkubwa wa miungu yao, hekalu juu ya kilima cha Capitolium, iliwabidi kuwahamisha miungu wadogo waliokuwa na sehemu zao pale. Wengi walikubali. Terminus alikataa. Basi wakajenga hekalu wakimwacha humo humo ndani, na juu yake wakaacha tundu kwenye paa, kwa sababu jiwe la mpaka halikai chini ya dari. Karne nyingi baadaye mwanachuoni Erasmus wa Rotterdam alimchukua mungu huyo kuwa alama yake, na maneno *Concedo nulli*, yaani simpishi mtu. Madereva wetu wa bisi wangeweza kuyaandika maneno hayo nyuma ya magari yao na hakuna ambaye angeshangaa.

Jiwe la shamba liligeukaje kuwa kituo cha gari?

Kwa njia ya reli. Katika miaka ya 1830 Waingereza walianza kujenga njia za treni kutoka mji mmoja hadi mwingine, wakahitaji jina la pale reli inapoishia. Watu waliosoma wakati ule walikuwa na Kilatini mfukoni, wakachomoa terminus. Kutoka kwenye treni neno likahamia kwenye magari yaliyokokotwa na farasi, kisha tramu, kisha bisi. Wafaransa walilichukua pamoja na reli yenyewe. Kwa hiyo Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kilirudishiwa neno la babu yake na jirani.

Wagiriki walikuwa na ndugu yake, *terma*: nguzo ya mwisho wa uwanja wa mashindano, pale magari ya farasi yanapogeukia. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na terminus ya Ruashi, kwa kugeuza na hata kwa vumbi.

Na hapa Katanga lilifikaje?

Lilipanda treni. Reli iliyotoka kusini, kupitia Rhodesia (Zimbabwe na Zambia za leo), iliingia nchini kwa Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 ikafika Élisabethville, mji ulioanzishwa mwaka huo huo na ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Shaba ilihitaji njia ya kutoka na mitambo ilihitaji njia ya kuingia. Lugha ya ofisi za reli ilikuwa Kifaransa, na maneno ya kazi yakabaki Kifaransa: gare, rail, ticket, terminus. Wafanyakazi waliotoka kila upande, Waluba, Wabemba, Walunda, Wasongye na wengine, walizungumza Kiswahili kati yao, wakayapokea maneno hayo kama walivyopokea nyundo na koleo.

Kwa hiyo Lubumbashi ilikuwa terminus?

Kwa muda mfupi sana. Reli haikukaa. Mwaka 1913 ilikuwa Kambove, mwaka 1918 Bukama kwenye mto Lualaba, na mwaka 1928 Ilebo, ambayo wakati ule iliitwa Port-Francqui, kwenye mto Kasai. Kila mji ulikuwa mwisho wa reli kwa miaka kadhaa, kisha ukawa mji wa kupitia tu. Ukiwasikiliza wazee wa Bukama wanavyoongea juu ya zamani zao, utadhani wameporwa kitu.

Ilebo ndiyo inayostahili kuangaliwa. Reli iliishia pale, lakini watu na mizigo hawakuwa na shughuli Ilebo. Walikuwa wanakwenda Kinshasa. Basi walishuka treni wakapanda meli, wakateremka Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa, kisha treni nyingine, ile iliyofunguliwa mwaka 1898, ikawapeleka Matadi. Reli ya kuunganisha Ilebo na Kinshasa haijajengwa mpaka leo. Reli imeisha, safari haijaisha.

Mashariki kuna jambo la kupendeza zaidi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Yetu kutoka mto Lualaba ilifika Kalemie mwaka 1915. Terminus mbili zinatazamana, katikati kuna ziwa Tanganyika. Watanzania hadi leo wanasema "Kigoma, mwisho wa reli". Ukisimama Kalemie, huo mwisho wa reli uko ng'ambo ya maji.

Kiswahili hakina neno lake mpaka tukope la Warumi?

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, mara nyingine kwa hasira. Kinayo mengi, na kila moja limetoka mahali pake. La kwanza kwangu ni kituo.

Leo kituo ni cha afya, cha polisi, cha mafuta, cha kupigia kura. Lakini ndani yake kuna kitendo kimoja: kutua. Na kutua, kabla ya ndege kutua Luano na kabla ya jua kutua nyuma ya bomba la moshi la kiwanda, ni kushusha mzigo kutoka kichwani. Mwenzake ni kutwika, kumpandishia mtu mzigo. Yeyote aliyelelewa na mama muuzaji anayajua maneno haya mwilini. Mama ana gunia la unga wa bukari, yaani ugali, kichwani, chini yake kuna kata ya kitambaa iliyosokotwa. Amefika mlangoni, shingo imekaza, hawezi kuinama, maana akiinama gunia litampita. Anaita ndani: "Unitue!" Mtoto anatoka mbio, anashika upande mmoja, mama anashika wa pili, gunia linashuka, kata inadondoka. Kisha anakaa kimya kidogo kabla hajaomba maji.

Hapo ndipo kituo kilipozaliwa: mahali pa kutua. Angalia pia kwamba hawezi kujitua vizuri peke yake; kitenzi chenyewe kinamtaka mtu wa pili. Na ile hali ya kukaa kimya ina jina lake kutoka kwenye shina hilo hilo, kutulia. Ile l iliyopotea kwenye "tua" imejificha kwenye "tulia". Wenzetu Wabemba bado wanaitamka waziwazi wanaposema *ukutuula*, kutua mzigo. Hata katika kuandika, nukta inayofunga sentensi huitwa kituo. Msomaji anatua pumzi.

Ukiniuliza ninalolipenda kati ya terminus na kituo, sifichi. Terminus inatazama njia: hapa ardhi yetu imeisha. Kituo kinamtazama mtu: hapa shingo yako inapumzika.

Na mwisho, kikomo, hatima, tamati?

Kwa ufupi, maana mengine hayana hadithi ndefu.

Mwisho linatokana na kwisha. Ni la kila kitu: mwisho wa mwezi, mwisho wa lami, mwisho wa maneno.

Kikomo linatokana na kukoma, kuacha kabisa. Lina ukali kidogo, ndiyo maana pwani "koma!" ni karipio. Mtu wa Kinshasa analisikia vingine: kwa Kilingala *kokoma* ni kufika, na *nakomi* ni nimefika. Rafiki yangu mmoja alikuwa kwenye simu akimwambia mkewe "nakomi, nakomi", mzee wa Kitanzania aliyekaa pembeni akamuuliza kwa upole ni nani anayemkomesha.

Hatima ni la Kiarabu, *khatima*, hitimisho. Dada zake ni kuhitimu, ambako kwanza kulikuwa kumaliza kuisoma Kurani, na hitima, kisomo cha marehemu. Siku hizi hatima imepanda cheo, inamaanisha yatakayompata mtu mwisho wa maisha yake. Usimuulize dereva "hatima ya bisi hii ni wapi?" Atashtuka.

Tamati nalo ni la Kiarabu, "imetimia", na liliandikwa mwisho wa tenzi. Ni la karatasi, barabarani halitembei.

Je, kuna lugha nyingine ambamo mpaka umegeuka kuwa mwisho wa safari?

Ndiyo, hiki hiki Kiswahili, na tunalifanya kila siku bila kujisikia. Sema: "Ninatoka Lubumbashi mpaka Likasi." Hilo "mpaka" ni nini? Ni lile lile la mpaka wa shamba, la nchi, la kupakana na jirani. Tumelichukua jiwe la shambani tukalifanya neno la kuonyesha safari inaishia wapi, kama Warumi na terminus yao, bila kuwauliza. Na ukikimbilia "hadi", hujakwepa kitu: limetoka kwa Kiarabu *hadd*, nalo maana yake ni mpaka.

Wanafunzi hawaamini mpaka niwapeleke, kwa mawazo, Kasumbalesa. Taksi kutoka mjini zinaishia pale. Kwa nini pale? Kwa sababu Zambia inaanzia pale. Dereva anasema "terminus" na mwanafunzi wa Kilatini angesema vivyo hivyo, kila mmoja kwa maana yake, wakionyesha kizuizi kimoja chenye malori yamejipanga nyuma yake.

Bagamoyo ni kweli maana yake ni mwisho wa safari?

Ni jina la mji, lakini ndani yake kuna maneno mawili, bwaga moyo. Bagamoyo, pwani ya Tanzania, ndipo ilipoishia njia ya misafara iliyotoka Ujiji na bara. Hata biashara ya Katanga ilikuwa na mkono kule. M'siri, mtawala wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891, alitoka upande wa Unyamwezi, na pembe na shaba ya nchi yake viliuzwa kwa wafanyabiashara wa pwani ya mashariki kama vilivyouzwa kwa wale wa magharibi. Ile misalaba ya shaba tunayoiona leo kama alama ya Katanga, zamani ilikuwa mzigo begani mwa mtu.

Watu hueleza jina hilo kwa njia mbili. Wengine wanasema ni kilio cha mtumwa: acha moyo wako hapa, ng'ambo ya bahari huna chako tena. Wengine wanasema ni pumzi ya mpagazi: tua moyo, umefika. Watumwa walipita pale kweli, na uchungu wa maelezo ya kwanza ni wa kweli. Ila nikilitazama neno peke yake, ninaegemea kwa mpagazi. Kubwaga ni kitenzi cha mizigo, ni kutua kwa kishindo, bila kusubiri mtu wa pili. Na "kubwaga moyo" katika Kiswahili cha pwani ni kutulia, kuondoa wasiwasi.

"Arrivée" na "terminus" si kitu kimoja?

Kwa Kifaransa, hapana. *Arriver* kwanza ilikuwa kufika ufukoni: Kilatini *ripa* ni ukingo wa mto au wa bahari. Ni neno la mabaharia. Watu wa Bukavu na Goma, wanaosafiri kwa meli za ziwa Kivu, wana haki nalo kuliko sisi wa reli na vumbi. Unaweza kufanya arrivée katikati ya njia. Terminus ni moja tu kila upande.

Sisi tuna kufika, na linatosha kwa yote mawili. Mtu akiondoka hatumwambii aende terminus salama. Tunamwambia "fika muzuri".

Niandikeje: terminus, terminisi au kituo cha mwisho?

Kwenye mtihani au gazeti, kituo cha mwisho. Kwenye barua kwa ndugu, andika unavyosema. Ukiliweka neno lenyewe katika sentensi ya Kiswahili, linaingia ngeli ya bisi na nyumba: terminus ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), terminus hii imejaa. Wingi wa Kilatini ni *termini*, lakini usijaribu kusema hivyo mbele ya kijana wa mlangoni.

Hospitalini wamesema ugonjwa uko "phase terminale". Ni neno lile lile?

Ndiyo, ni la ukoo huo. Swali hili aliniuliza mama mkwe, akiwa na karatasi mkononi, na sikumjibu kwa historia ya Warumi. Nilimwambia maana yake: ugonjwa umefika ambapo dawa za kuponya zimekwisha, zimebaki za kupunguza maumivu. Mtu akikuuliza hivyo, mweleze hivyo, kisha kaa naye.

Kijana wa mlangoni akiita "terminus" kabla ya kufika nilikolipia, ni haki?

Si haki, na kila mtu anajua. Wanaikata njia vipande viwili ili nauli ilipwe mara mbili. Jioni, abiria wakiwa wengi na magari machache, terminus inahama, kitu ambacho Warumi wangekilaani. Unaweza kubisha, ukibisha peke yako utashushwa, mkibisha wote dereva huendelea.

Wiki iliyopita tulibisha watatu kati ya kumi na wanane, basi tukashuka. Mbele yangu alikuwa mama mwenye beseni la maharagwe, limefunikwa kwa kitenge, ambaye bado alikuwa na nusu nzima ya njia. Hakumgombeza mtu. Aliisokota kata yake upya, akaiweka kichwani, akaniangalia mimi niliyesimama karibu bado nikimtafutia dereva maneno.

"Papa," akasema, "unitwike."